Msituambie Bahati: Barua ya Wazi kwa Kamati ya Timu Yetu ya Magongo

Kwa Mwenyekiti, Katibu, Mweka Hazina na wanakamati wote,
Mombasa.

KUH: KUTOLEWA KWETU KATIKA MCHUJO WA KUPANDA DARAJA

Waheshimiwa,

Nawasalimu nyote kwa taadhima. Mimi ni fundi cherehani, duka langu liko Majengo, na timu hii naifuata tangu nilipokuwa mtoto wa kuokota mipira nyuma ya goli. Wengi wenu mnanijua kwa sura. Ndiye ninayeshona namba migongoni mwa jezi kila msimu unapoanza, na ndiye mnayemletea pedi za kipa zikichanika. Wewe Mwenyekiti umekunywa kahawa kwenye benchi langu zaidi ya mara moja, na kashata nikatoa mimi. Silitaji hilo kwa kukusimbulia. Nataka tu ijulikane kwamba anayeandika si adui.

Barua hii si ya kwanza. Ya kwanza niliiandika mwezi wa Machi, kurasa mbili kwa mkono, nikampa Katibu mwenyewe pale langoni mwa uwanja. Aliikunja mara nne, akaitia mfukoni mwa shati, akasema, "Tumeipokea, fundi." Ya pili niliituma kwa simu wiki mbili kabla ya mchujo, nikaona imesomwa, basi. Mara ya tatu nilikuja mwenyewe siku ya kikao chenu. Niliambiwa nisubiri nje, nikasubiri mpaka isha ikaadhiniwa, nyinyi mkatokea mlango wa pili. Mficha uchi hazai. Leo nasema mbele za watu.

Tuliporudi kutoka Nairobi tulikuta tangazo lenu ubaoni, mistari mitatu. Kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Kwamba vijana walijitahidi. Kwamba bahati haikuwa yetu. Nililisoma nikaenda zangu dukani, lakini neno hilo la bahati likawa linanirudia kila nikikanyaga cherehani. Maana mimi nilikuwepo uwanjani, na bahati sikuiona. Niliyoyaona ni haya.

1. Safari

Mechi ilikuwa saa nne asubuhi. Timu iliondoka Mwembe Tayari saa tatu usiku wa kuamkia siku hiyohiyo, kwa basi. Ni kilomita 480 hivi. Nahodha alinisimulia kwamba walishuka Mtito Andei wakanyoosha miguu na kunywa chai, kisha wakapanda tena, na waliobahatika kulala walilala vichwa vikigonga dirisha. Waliingia Nairobi saa kumi na moja na nusu alfajiri, kukiwa na baridi, hawana pa kujilaza.

Mimi nilitangulia siku moja. Nilipanda treni ya mchana kutoka Miritini kwa shilingi 1,500 zangu mwenyewe, nikashuka Syokimau usiku, nikalala kwa mpwa wangu Eastleigh, kitanda safi na mablanketi mawili. Nilipofika uwanjani asubuhi nilimkuta beki wetu wa kati amelala chali pembeni ya uwanja, soksi kazivuta hadi magotini, mdomo wazi, jua linampiga usoni. Niliona haya, wallahi. Mshabiki kalala kitandani, mchezaji kalala kwenye kiti cha basi.

Na Nairobi si Mombasa. Mji ule umepanda zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na sisi mabati yetu yanaliwa na chumvi. Hewa ya kule ni nyepesi. Mtu wa pwani akipanda ngazi tu anahema, sembuse anayekimbiza mpira dakika 60 bila usingizi. Hata wageni wa arusi, ingawa hawachezi chochote, huwa tunawafikisha siku moja mapema wapumzike.

2. Nyasi

Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Uwanja wetu ni wa nyasi za kawaida, na mnaujua ulivyo. Upande mmoja una mabonde, upande wa mwembe una mizizi, na masika ikinyesha kunguru wanaoga katikati. Nauganda uwanja huo kwa mapenzi, lakini mapenzi hayaulainishi. Mpira ukipigwa pale unarukaruka kama chura. Kwa hiyo mchezaji wetu hujifunza, bila hata kuambiwa, kuinua gongo kidogo kabla ya kuupokea. Mkono huzoea. Baada ya miaka mitano mkono hauulizi tena.

Mchujo ukachezwa kwenye nyasi bandia zilizonyunyiziwa maji. Kwenye zulia lile mpira hauruki. Unateleza chini, kasi, kama kipande cha sabuni kwenye sakafu ya bafu. Robo ya kwanza pekee nilihesabu pasi tatu zilizopita chini ya gongo la nahodha wetu, mtu ambaye huku nyumbani anautuliza mpira akiwa anaongea na watu. Kila mara alilitazama gongo lake kana kwamba ni la mtu mwingine.

Hata hivyo, waheshimiwa, mpaka mapumziko tulikuwa tunaongoza 2–0. Hilo liandikwe. Vijana wale wana kipaji kiasi cha kuongoza kwenye uwanja ambao wengi wao hawakuwahi kuukanyaga mpaka asubuhi ile.

Robo ya nne ndiyo iliyosema kweli. Tulifungwa mara mbili, zote kwa kona fupi. Kwa wasioujua mchezo: kona fupi ikitolewa, wanaolinda ni watano tu, kipa akiwa mmoja wao, wanasimama nyuma ya mstari wa goli, na mpira unapotolewa mmoja wao hutoka mbio kumkabili mpigaji kabla hajapiga. Ni kazi ya moyo na ya mguu wa kwanza. Mtokaji wetu ndiye mwenye kasi kuliko wote pwani, mimi nasema. Mara zote mbili alichelewa hatua moja. Hatua ile mimi nilijua ilikobaki. Nusu ilibaki kwenye basi, nusu kwenye zulia ambalo miguu yake haikujua limshike vipi.

Na msije mkaniambia jambo hili la nyasi bandia ni geni. Olimpiki ya Montreal ya 1976 ndiyo ya kwanza magongo kuchezwa kwenye nyasi bandia, na tangu hapo mchezo wa kimataifa haukurudi nyuma. Kenya ilikuwa taifa la kuogopwa kwenye nyasi za kweli. Kombe la Dunia la kwanza, Barcelona 1971, tulifika nusu fainali tukamaliza wa nne. Beki wetu Avtar Singh Sohal, yule waliyemwita Tari, alicheza Olimpiki nne mfululizo, kuanzia 1960 hadi 1972. Halafu 1976 na 1980 hatukwenda kwa sababu ya migomo ya kisiasa, na tuliporudi Los Angeles 1984 wenzetu walikuwa wameshauzoea uwanja mpya. Tulichukua dhahabu ya Michezo ya Afrika hapahapa Nairobi mwaka 1987, tukaenda Seoul 1988, na tangu Seoul timu yetu ya magongo haijaiona Olimpiki. Sisemi nyasi peke yake ndiyo iliyotuangusha. Uongozi, pesa na shule kuacha kufundisha mchezo vimo. Lakini ikiwa taifa zima liliathirika, nyinyi mlitarajia kijana wa Tudor azoee ndani ya nusu saa ya kupasha misuli?

Niliwaomba Machi mwapeleke hata mara mbili kabla ya mchujo, wakafanye mazoezi kwenye nyasi bandia. Ni aya ya kwanza ya barua yangu.

3. Pedi za kipa

Aya ya pili ilikuwa hii.

Dakika 60 zilikwisha 2–2, tukaenda kwenye mikwaju. Mikwaju ya magongo si kama ya kandanda. Mshambuliaji anaanzia mstari wa mita 23 na mpira wake, filimbi ikilia ana sekunde nane za kufunga, na kipa ana ruhusa ya kutoka golini kumfuata. Ni watu wawili tu uwanjani na saa inakimbia. Kipa hashindi kwa bahati pale. Anashinda kwa miguu yake, na miguu yake imo ndani ya pedi.

Baada ya mikwaju minne kila upande ilikuwa 2–2. Wa tano wetu akagonga mlingoti. Akaja wa tano wao. Kipa wetu alitoka vizuri, sijapata kumwona akitoka vizuri vile. Alimbana mshambuliaji upande wa kushoto mpaka yule akageuka kulipa goli mgongo, na sekunde tano zilikuwa zimekwisha. Mshambuliaji akazunguka. Kipa akapeleka mguu wa kulia.

Ukanda ukakatika.

Pedi ikazunguka ubavuni mwa mguu kama mlango uliotoka bawaba. Akaikanyaga mwenyewe, akaenda chini, mkono umenyooka, gongo limemtoka. Mpira ulipita umbali wa shibiri moja kutoka vidoleni mwake, ukaviringika polepole, polepole mno, ukaingia.

Ukanda ule niliushona mimi. Kishikizo cha pedi kilivunjika Januari, na ukanda wenyewe ulikuwa umeoza kwa jasho, nikakata kipande cha tyubu ya baiskeli nikakishona kwa nyuzi mbili. Nilimwambia meneja wa timu siku ileile: hii itahimili mazoezi, mechi haitahimili. Nikaandika Machi. Nikaandika tena kwa simu, na picha nikaweka, mpasuko ulikuwa umeanza kuonekana pembeni mwa mshono.

Nami nina sehemu yangu, siikatai. Ijumaa moja jioni kijana alisimama mlangoni pangu na pedi begani, mechi kesho yake, nikashindwa kumrudisha. Ningekataa labda mngenunua nyingine. Nilijifanya nawasaidia, kumbe nawasaidia nyinyi kutonunua.

4. Pesa

Sanduku la mchango lilikuwa dukani kwangu, kwa hiyo hesabu naijua. Tulichanga shilingi 86,500: wavuvi, mama wa viazi karai, madereva wa tuktuk, mwalimu mmoja mstaafu aliyeleta sarafu ndani ya kopo la maziwa ya unga. Niliwakabidhi mbele ya watu wawili.

Msafara ulikuwa wa watu 18. Treni kwenda na kurudi ni 3,000 kwa kila mmoja, jumla 54,000. Zingebaki 32,500 za malazi ya usiku mmoja na chakula. Haingekuwa starehe, lakini wangelala. Sisemi kuna aliyeiba. Nasema hatujaonyeshwa risiti hata moja, na mahesabu ya klabu hayajasomwa mbele ya wanachama kwa miaka miwili.

5. Maneno aliyoambiwa kipa

Hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Kwenye basi la kurudi, mmoja wenu alimgeukia yule kijana mbele ya wenzake akamwambia, "Wewe umetugharimu msimu mzima." Ana miaka 19. Waliokuwepo wananiambia hakujibu. Aliendelea kuufungua na kuufunga ule ukanda uliokatika, mpaka Voi. Tangu siku hiyo hajatia mguu uwanjani. Mama yake alikuja dukani kuniletea pedi, kasema mwanawe hataki kuziona chumbani.

Mwanakamati aliyesema maneno hayo anajijua, nami jina silitaji. Ila naye alikuwa na barua yangu.

Majibu yenu nayafahamu

Mtasema hamna fedha. Nimeshaonyesha hesabu ya safari. Kuhusu pedi, niliwaambia Machi kwamba seti iliyotumika ikiwa imara inatosha, na kwamba mashabiki tuko tayari kuichangia. Hatukuombwa.

Mtasema timu nyingine za mbali nazo husafiri usiku. Waliotufunga hawakusafiri. Walitoka majumbani mwao saa mbili asubuhi wakiwa wamekunywa chai.

Mtasema fundi ni mshabiki tu, ya kamati hayamhusu. Kadi yangu ya uanachama nimeilipia mpaka Disemba, na risiti ninayo, maana mimi risiti huwa natunza.

Mtasema naipaka matope klabu na wafadhili watakimbia. Wafadhili wapi, waheshimiwa? Jezi nazishona mimi. Kifuani hamna kitu.

Na mtarudia kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Nimekubali. Waliotushinda walicheza vizuri na niliwapa mkono. Lakini nyinyi mnaotuambia tukubali, bado hamjakubali hata moja katika haya matano.

Ninachoomba

Kwanza, kabla ya jingine lolote, Mwenyekiti na yule mwanakamati mwende nyumbani kwa kipa. Mwende wawili tu, bila kamera. Mkae na mama yake, mumwombe radhi kijana, mumwambie ukanda ulikuwa mbovu na mlijua. Nikitakiwa kuja nitakuja, maana nami nadaiwa.

Pili, mahesabu ya mchango wa safari yabandikwe ubaoni ndani ya siku 21, palepale mlipobandika tangazo la bahati.

Tatu, mkutano mkuu wa mwaka uitishwe kabla msimu mpya haujaanza, wanachama wasikie mahesabu ya miaka yote miwili na wachague kamati. Mkichaguliwa tena nitapiga makofi.

Nne, zinunuliwe pedi, kofia na glavu za kipa. Hizi za sasa sizishoni tena. Hilo si ombi, ni taarifa.

Tano, timu iende kwenye nyasi bandia angalau mara mbili kabla ya mechi yoyote itakayochezwa huko, na kila safari ya Nairobi wafike siku moja kabla. Katika bajeti hilo liwe la juu, si la kubakizwa.

Uwanja wetu wenyewe kuwekewa nyasi bandia siombi leo. Najua ni mamilioni, na najua kaunti ina mengi. Siku nyingine, na pengine kwa barua nyingine kwa wakubwa wengine.

Nitawapa hizo siku 21. Sanduku la mchango bado liko dukani lakini nimelifunga kwa kufuli, na wateja wanaouliza nawaambia wasubiri. Jumamosi saa kumi alasiri nitakuwa uwanjani kama kawaida, chini ya mwembe. Pedi ziko kwangu ndani ya gunia, nyuma ya mlango. Ukanda sijauondoa, unaning'inia na nyuzi zake. Atakayetaka kuuona na apite wakati wowote, ila adhuhuri huwa nafunga kidogo.

Wenu kwa heshima,

Fundi cherehani wa Majengo,
mwanachama na mshabiki